Maua Mawili kwa Bibi Tota

Mwanamume aliyebisha hodi asubuhi ile ya Januari sikumjua. Alisimama kwenye ngazi akihema, theluji ikiyeyuka mabegani mwake, mikononi amekumbatia kifurushi kirefu kilichozungushiwa blanketi la mtoto. Alisoma kwanza tangazo la msiba lililobandikwa mlangoni petu, lile lenye picha ya bibi yangu, kisha akavua kofia.

"Wewe ndiye Bilyana wa Pavlina?"

Nikamwambia ndimi.

"Mama yako kanikabidhi hiki huko Bergamo. Kasema nisikiweke nyuma na masanduku. Basi kimekaa mbele na mimi, na aliyelipia kiti cha mbele kaninunia mpaka mpakani."

Alijitaja kuwa ni Kamen, dereva wa gari dogo linalobeba watu na vifurushi kati ya Italia na mji wetu wa Vratsa. Huku hakuna ngazi isiyo na nyumba ambayo mama yake yuko Italia akiwaogesha wazee wa watu, kwa hiyo madereva wa namna yake tumewazoea, ila huyu alikuwa mgeni kwangu. Hakutaka kuingia wala kunywa kahawa. Alieleza kwamba joto la gari lilikufa walipokuwa Serbia, ndiyo maana ya blanketi, na kwamba kama kilichomo kimeganda nisimlaumu yeye, nilaumu baridi. Nilimwambia asante. Alipogeuka kushuka nikamwambia asante tena, asante sana, kaka Kamen, na blanketi utalipata. Mlango wa jirani ukafunguka upana wa pua.

Ndani ya blanketi mlikuwa na okidi. Majani yake manne yalikuwa mapana na mazito, na kikonyo kimoja kilichopinda kilibeba maua manne meupe yenye koo la zambarau. Mbele ya maua, kuelekea nchani, yalifuatana matumba matatu yaliyofumba. Nilikuwa sijawahi kufuga ua lolote. Aliyekuwa na mkono wa maua nyumbani kwetu alikuwa Bibi Tota, na Bibi Tota tulikuwa tumemzika Novemba.

Mama alipiga simu jioni, akiwa amejifungia bafuni kwa watu. Alinisimulia kwa sauti ya chini habari ambayo nusu yake niliijua. Bibi alipoanguka jikoni na kufariki, Mama alikuwa akimuuguza mwanamke mmoja mzee, Bi Ornella, ambaye naye alikuwa akielekea mwisho. Mama aliomba ruhusa aje kumzika mama yake. Wana wa yule mzee wakamwambia aende, ila asirudi, na Bi Ornella mwenyewe akamshika kifundo cha mkono, akakataa kukiachia. Mama akabaki. Tukamzika Bibi bila mwanawe wa pekee. Sasa Bi Ornella naye amekufa, na kabla ya kufa aliwaambia wanawe, mbele ya padri ili wasije wakakana, kwamba ua lake la dirishani ni la Pavlina. Mama alikuwa amekwisha kuhamia nyumba nyingine, kwa mzee asiyetaka mimea chumbani.

"Sikuweka hata ua moja kwenye jeneza la mama yangu," alisema. "Jumamosi ya Marehemu ikifika, watu wakienda makaburini, mkatie mawili ya hilo ua, umpelekee. Umwambie yametoka mkononi mwangu. Usinunue ya dukani, Bili. Ya hilo."

Nikaahidi. Ilionekana ahadi ndogo. Maua manne, matumba matatu, na aliyetaka alitaka mawili tu, kwa kuwa huku kwetu hata mtoto anajua kwamba aliye hai hupewa maua yasiyo ya jozi na marehemu hupewa ya jozi.

"Na yatakayobaki nitayaona mwenyewe Pasaka," akasema Mama. Waajiri wapya walikuwa wamemkubalia likizo. Nilimsikia akifungua bomba la maji ili wasimsikie analia.

Shangazi Vaska wa mlango wa pili alikuja kesho yake kulikagua ua. Hakuwa shangazi yangu wa damu, lakini alinifunga nepi nilipokuwa mchanga na huniita mwanangu mbele ya watu wowote. Alilizunguka huku mikono ameishika mgongoni.

"Nilikusikia unamwambia yule mwanamume asante."

"Sasa nisimshukuru, Shangazi?"

"Mmea haushukuriwi. Ukishukuriwa haushiki mizizi. Umemaliza chuo kikuu na hili hulijui? Tena umeshukuru kama unayeokolewa mtoni. Ungeliiba lingekua mpaka dari."

Nilicheka. Nililiweka kwenye ubao wa dirisha la jikoni, mahali penye mwanga kuliko kote, na ambapo chini yake chuma cha kupashia joto huunguruma mchana kutwa. Pale palikuwa pamejaa dyuli. Bibi alizipanga mwenyewe Oktoba, siku tulipozichuma kijijini, kama afanyavyo kila mama wa huku: matunda makubwa ya manjano, magumu, yenye vinyweleo, hayaliwi mabichi ila harufu yake hukaa ndani ya nyumba mpaka theluji iishe. Alizipanga ubaoni na juu ya kabati, kila moja na nafasi yake, akizigeuza upande mzuri uangalie chumba. Tangu msiba sikuwa nimegusa hata moja. Vumbi nililifuta kwa kupita katikati yake. Kwa hiyo nilisogeza kopo la okidi taratibu, likaenea kati ya dyuli mbili, na nikaona limekaa vizuri, kana kwamba Bibi ndiye aliyelitengea nafasi.

Tumba la kwanza liligeuka manjano wiki hiyohiyo.

Nilifikiri lina kiu. Nikalinywesha. Nilipoona halijapona nikalinywesha zaidi, asubuhi kabla ya kwenda kazini na jioni nikirudi, na maji yakawa yanasimama ndani ya sahani chini ya kopo. Tumba likakauka, nikalikuta limelala kando ya dyuli, dogo kama jino la mtoto. Kisha la pili likaanza. Nikasema ni chuma cha joto, nikakifunga, jikoni pakawa na baridi ya kuvaa koti. Nikasema ni baridi, nikakifungua. Nilisoma kila nilichokipata kwenye simu: mmoja anasema mwagilia kwa barafu, mwingine anasema anayemwagilia kwa barafu afungwe. Shangazi Vaska alileta maji ya kitunguu saumu kwenye chupa, akasema dada yake wa mji jirani wa Montana alifufua okidi tatu kwa dawa hiyo. Nikanyunyizia majani na mizizi, na kwa bidii yangu nikajinyunyizia na mikono. Kwenye shule ya chekechea ninakofundisha, mtoto mmoja aitwaye Ognyan alikataa kushikana mkono nami kwenye duara. Alisema mwalimu ananuka soseji.

Ua la kwanza lilianguka likiwa bado jeupe. Liliachia tu kikonyo, likatua ubaoni uso juu. Yalibaki matatu na tumba moja, kwa kuwa tumba la pili nalo lilikuwa limekwisha kwenda.

Mama alikuwa akipiga simu ya video kila alipopata nafasi, na kila mara aliomba alione. Nilijifunza kushika simu karibu sana, nikijaza kioo kwa ua moja lililo zima. "Limependeza," alikuwa akisema. "Bi Ornella angefurahi." Kisha aliuliza kama Bibi angelipenda, nami nilisema angelipenda mno, na nilipokata simu niliketi kwenye kiti cha Bibi nikiwa sina nguvu ya kuvua viatu. Niliona wazi kinachokuja. Siku ingefika, kaburi lingekuwa pale, na mimi ningesimama mikono mitupu kwa niaba ya mtu ambaye naye alikosa kufika. Bibi angekuwa amekosewa mara mbili na watu walewale.

Jumapili moja nilijikaza nikalitoa ua kwenye kopo. Harufu ilinijibu kabla sijaona. Mizizi ilikuwa kahawia, na nilipoibonyeza ilivuja maji machafu na kubaki nyuzi. Nilikata iliyooza kwa mkasi niliouchovya kwenye rakia, pombe kali ya Bibi, nikikata na kuomba msamaha kwa sauti, na nilipomaliza mizizi migumu ilibaki mitatu. Nikaipanda upya kwenye vipande vikavu vya magome. Majani yalikuwa yamelegea kama masikio ya mbwa mzee. Shangazi Vaska, aliyekuwa amenishikia taa, alisema kilichobaki ni kukata kikonyo chote, ili nguvu iende chini.

"Nikikata kikonyo, maua ya Bibi yatatoka wapi?"

"Maua ya Bibi," alisema, "Bibi hatayahesabu, mwanangu. Mmea ukifa, mama yako atakuta nini?"

Sikukata. Ua la pili lilianguka siku iliyofuata. Sasa lilikuwa jambo la hesabu ambayo sikutaka kuifanya: maua mawili na tumba moja, na Jumamosi ya Marehemu bado.

Nitasema pia kwamba niliingia dukani. Duka kubwa la barabarani huweka okidi karibu na mlango, safu kwa safu, zimefungwa nailoni, maua meupe yaleyale, koo lilelile la zambarau. Nilishika moja yenye vikonyo viwili. Ningeinunua, ningemwonyesha Mama, ningekata mawili, na hakuna mtu chini ya jua angejua. Nilisimama nayo hadi mlinzi akaniuliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia hapana. Hiyo ilikuwa okidi nzuri. Mama yangu hakuwa amelipia okidi hiyo kwa kukosa mazishi ya mama yake.

Nilifika nyumbani na simu ikawa inaita, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka, niliipokea nikiwa nimesimama jikoni bila kupanga pembe. Mama akaona dirisha zima: majani yaliyolegea, kikonyo chenye vidonda, maua mawili tu.

Hakuniuliza kuhusu maua.

"Hayo ya manjano ni nini? Hayo kando ya kopo."

"Dyuli, Mama."

"Bilyana. Toa hizo dyuli." Alisema haraka, sauti ya mtu anayemwona mtoto karibu na jiko. Alieleza kwamba wiki yake ya kwanza kwa Bi Ornella aliweka bakuli la tufaha karibu na ua lile, na yule mzee alimpigia kelele mpaka majirani wakatoka, kwamba matunda yakikaa hutoa pumzi, na pumzi ile huangusha maua. Matunda upande mmoja wa nyumba na maua upande mwingine, ndiyo ilikuwa sheria. "Nani kaziweka hapo? Vaska?"

"Bibi."

Mama akaketi.

"Aliziweka Oktoba," nikasema. "Zimekaa alivyozipanga. Sijazigusa."

"Zote?"

"Zote, Mama. Na za kabatini."

Alifunika kamera kwa kiganja. Niliona giza lenye wekundu wa vidole vyake, na nikasikia anavyopumua. Mahali fulani nyuma yake mzee aliita jina lake vibaya, "Paola, Paola," naye hakwenda.

"Nigeuzie," alisema hatimaye. "Nizione kwanza."

Nikapitisha simu taratibu, moja moja. Nyingine zilikuwa zimekunjamana, nyingine zilikuwa na doa la kahawia ubavuni, lakini kila moja ilikuwa bado inaangalia chumba. Nilipanda kiti nikamwonyesha na za kabatini. Alipoziona zote alisema, "Sasa toa, mwanangu."

Nilizitoa. Ile ya mwisho, karibu na kopo, ilikuwa imeacha duara kwenye rangi ya ubao, nami nilikaa nikiiangalia duara hiyo muda mrefu. Lakini kuzitupa sikuweza. Shangazi Vaska alikuja na visu viwili na sufuria yake ya jamu, tukaketi kumenya. Dyuli iliyokaa majira yote ya baridi ni ngumu kama kuni, na alinung'unika kwamba Tota hata akiwa kaburini anajua kumpa mtu kazi. Tulikata palipooza, tukachemsha palipo pazima na sukari, mpaka ikageuka nyekundu na madirisha yakatoa jasho. Okidi nilikuwa nimeihamishia chumbani kwa Bibi, mlango umefungwa.

Na kweli, kuanguka kukakoma. Siku zikapita, maua mawili yakakaa, tumba likaanza kuvimba na kupauka nchani. Nikaanza kupata usingizi. Nikafikiri jinsi itakavyokuwa: mawili nitampelekea Bibi, na tumba litafunguka polepole, na Mama akiingia na sanduku lake Pasaka atakuta ua moja jipya, lisilo la jozi, la mtu aliye hai. Nilimwambia hivyo. Alicheka, mara ya kwanza tangu msiba, akasema basi na yeye atalala vizuri.

Ijumaa, kesho yake ikiwa Jumamosi ya Marehemu, nilirudi kutoka kazini na kukuta moja liko sakafuni. Ukingo wake ulikuwa umesinyaa; labda lilikuwa limeumia tangu zamani na lilikuwa linajikaza tu. Nililiokota nikajaribu kulisimamisha kwenye kikombe cha maji. Likaelea, likageuka.

Shangazi Vaska alikuwa ameleta ngano aliyoichemsha kwa ajili ya makaburi. Aliona kikombe, akaona uso wangu, akavuta kiti.

"Sikiliza. Kesho pale langoni kuna mwanamke anauza maua meupe. Ua lako moja, la kwake moja. Jozi. Tumba unaliacha, linafunguka, Pavlina anarudi anakuta ua. Kila mtu amepata."

"Alisema mawili ya hili."

"Alisema wakati yalikuwapo saba."

"Nami niliahidi wakati yalikuwapo saba."

"Mwanangu, hicho kimmea kina mizizi mitatu. Ukikata na tumba, huenda usione ua jingine hapa maishani mwako. Utamwonyesha nini mama yako? Fito?"

Nililia mbele yake bila kujificha, yeye akawa anakoroga ngano ambayo haikuhitaji kukorogwa. Kulikuwa na ukweli katika kila alichosema. Marehemu hahesabu. Mama asingejua. Na tumba lile ndilo kitu pekee nilichokuwa nimefaulu kukiweka hai majira yote yale ya baridi. Nililitazama kila asubuhi kabla ya kutazama saa. Lakini kila nilipojaribu kuliona ua lile la langoni mkononi mwangu, niliona vidole vya Mama vimeifunika kamera.

Asubuhi nilichukua mkasi. Nilikata kikonyo chini kabisa, mara moja, ili nisipate nafasi ya kubadili mawazo, kisha nikatenganisha ua na tumba, kila moja na kijiti chake. Nilivifunga ncha kwa pamba yenye maji, nikaviweka ndani ya koti, upande wa moyo, kwa kuwa nje theluji ilikuwa inakwaruza. Shangazi Vaska aliniona mlangoni na hakuniuliza. Alinitangulia kushuka ngazi akibeba mitungi ya jamu.

Makaburini watu walikuwa wengi. Mishumaa ilizimika na kuwashwa, divai ikamiminwa ardhini, watu wakagawiana ngano na mikate kwa kikombe na kwa kiganja. Tulifungua mtungi wa jamu ya dyuli, na kila aliyepita tulimpa kijiko juu ya kipande cha mkate. "Mungu amsamehe Tota," walisema, nasi tukajibu, "Mungu amsamehe." Mzee mmoja alirudi mara ya pili akasema anamwombea msamaha tena.

Nilifuta theluji kwenye jiwe kwa mkono. Nikatoa vile viwili kwenye koti, nikavilaza sambamba chini ya picha yake. Nikamwambia vimetoka mkononi mwa Pavlina. Kisha nikampigia Mama, nikijua labda hatapokea.

Alipokea. Alikuwa jikoni kwa watu, aproni kifuani, sauti ya kunong'ona. Niligeuza simu kuelekea jiwe na kuishikilia kwa mikono yote miwili.

"Moja," alisema. Akasita. "Mbili."

Aliisogelea simu hadi nikaona jicho lake tu.

"Hilo la pili halijafunguka, Bili. Hilo ndilo lilikuwa la..."

"Ndilo."

"Na mimi Pasaka nitaona nini?"

"Majani," nikamwambia. "Yapo manne. Njoo uone majani."

Alitikisa kichwa, kuitikia, mara nyingi. Nyuma yake mtu aliita Paola. Hakukata simu. Alibaki pale akimwangalia mama yake, nami nikabaki nimeishikilia, mpaka theluji ilipoanza kufunika pamba na Shangazi Vaska akainama kuipangusa.